Queen jukwaani: Wembley, Budapest au Montreal? Ipi inafaa kioo chako, na zipi bado ziko kabatini

Jumamosi ya tarehe 12 Julai 1986 Queen, bendi ya rock ya Uingereza, waliujaza uwanja wa Wembley, London. Jumapili ya tarehe 27 mwezi huohuo wakaujaza Népstadion, Budapest. Bendi ileile, ziara ileile, orodha ya nyimbo karibu ileile, na mwimbaji Freddie Mercury anazunguka jukwaani na kile kipande chake cha stendi ya maikrofoni kama kawaida yake. Sasa ziweke shoo hizo mbili kwenye TV moja, moja baada ya nyingine. Utaapa kwamba zimepishana miaka kumi na tano. Wembley rangi zimelala, kingo za watu hazijakatika vizuri, na taa nyeupe zikimpiga mtu usoni sura inageuka doa. Budapest unaona jasho linavyoteremka shingoni, unaona nyuzi za gitaa la Brian May, na mashabiki kule chini wana nyuso, si vichwa tu.

Anayeuliza anunue ipi, au amalize bando lake kwa ipi, kwa kawaida hujibiwa kishabiki: Wembley, kwa sababu ni Wembley. Mimi nadhani swali la kwanza liwe jingine. Shoo ilipigwa kwa chombo gani, mkanda wa video au filamu ya milimita 35? Jibu la hapo ndilo linaloamua picha itafika wapi kwenye kioo chako, na mara nyingi ndilo linaloamua shoo itatoka rasmi lini, au kama itatoka kabisa.

Mkanda na filamu

Wembley ilipigwa na kikosi cha televisheni ya Tyne Tees chini ya mwongozaji Gavin Taylor, kamera 15 chini na helikopta juu. Hawakuwa watu wa kubahatisha. Miaka minne kabla walishawapiga Queen haohao kule Milton Keynes. Ila kamera zao zilikuwa za TV, na kilichohifadhi picha kilikuwa mkanda wa mfumo wa PAL: mistari 625, na inayobeba picha yenyewe ni kama 576. Hiyo ndiyo picha yote iliyopo duniani. TV ya Full HD ina mistari 1,080, ya 4K ina 2,160, kwa hiyo TV yako inalazimika kubuni mistari ambayo kamera haikuwahi kuiona.

Budapest walikuja watu wa Mafilm, kampuni ya filamu ya serikali ya Hungary, wakiongozwa na János Zsombolyai. Walibeba kamera 17 za milimita 35, zilezile za kutengenezea sinema. Filamu haina mistari. Ina chembechembe za kemikali, na ukiipitisha kwenye skana ya kisasa inatoa undani ambao TV ya 1986 isingeweza kuuonyesha hata kidogo. Ndiyo maana mwaka 2012 shoo hiyo iliposafishwa na kutolewa upya kwa jina la Hungarian Rhapsody, ilianzia kwenye majumba ya sinema, kwenye skrini kubwa, na haikuaibika.

Filamu nayo ina madeni yake. Roli ya futi 1,000 huisha kwa takriban dakika 11. Ikiisha, kamera inasimama, roli inabadilishwa, na wimbo haumsubiri mtu. Budapest zilitumika kilomita 25 za filamu na zaidi. Piga hesabu: kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, hizo ni kama saa 15 za picha. Zigawanye kwa kamera 17, kila moja imepata karibu saa moja tu, wakati shoo yenyewe ilikaribia saa mbili. Yaani kila kamera ililala karibu nusu ya usiku. Matokeo yake unayaona kwenye diski: Hungarian Rhapsody ni ya kama saa moja na nusu, na nyimbo kadhaa zilizopigwa usiku ule hazimo kwenye picha. Ukitaka shoo nzima inabidi utafute toleo lenye CD mbili ndani, usikilize kwa masikio kile ambacho macho hayakupewa.

Mkanda hauna shida hiyo. Unauweka mashineni, unarekodi kwa muda mrefu bila kusimama, mwongozaji amekaa ndani ya gari la matangazo anachagua: kamera tatu, kamera saba, sasa helikopta. Shoo nzima inaingia. Kuna na jambo la mwendo. Filamu hukimbia kwa picha 24 kila sekunde. Mkanda wa PAL huchukua nusu-picha 50 kila sekunde, na jicho linaona mtiririko laini, ule wa mechi ya moja kwa moja. Kwa hiyo Wembley, pamoja na uchakavu wake wote, inakufanya ujione upo uwanjani sasa hivi. Budapest inakufanya ujione upo sinema. Watu wawili wenye akili timamu wanaweza kugawanyika hapo, na wote wawe sahihi.

Wembley dhidi ya Budapest, ana kwa ana

Nikiambiwa nichague moja kati ya hizi mbili kwa ajili ya TV ya inchi 50 kwenda juu, nachukua Budapest bila kufikiri sana. Kwa simu, au kwa TV ya inchi 32 iliyoko ukumbini kwa wengi wetu, tofauti ya picha inapungua mno. Hapo Wembley inashinda kwa ukamilifu wake: nyimbo zote, watu zaidi ya 70,000, jioni inayoanza na mwanga wa jua na kuingia giza taratibu, na Freddie mwishoni na lile joho la kifalme na taji.

Kuna mahali pamoja ambapo Budapest haina mpinzani, hata ukiitazama kwenye simu yenye ufa. Katikati ya shoo Brian May anakaa na gitaa kavu, na Freddie anaimba Tavaszi szél vizet áraszt, wimbo wa asili wa Wahungari. Kihungari hakijui. Maneno ameyaandika kwa wino kiganjani, na anayachungulia waziwazi mbele ya uwanja mzima, wala hajifichi. Uwanja unalipuka kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Kamera ya sinema iko karibu naye, taa ni chache, na filamu inavumilia giza lile bila kuchafuka. Kamera nyingi za TV za miaka ile zilikuwa na tyubu ndani, na kwenye giza la namna hiyo taa ikisogea huacha mkia wa mwanga nyuma yake. Tafuta mikia hiyo kwenye shoo yoyote ya video ya miaka ya 70 na 80. Ukishaiona mara moja huwezi kuacha kuiona tena.

Angalia vilevile toleo. Kanda ya VHS ya Wembley iliyotoka 1990 ilikatwakatwa hadi dakika 75, na nakala zake bado zinauzwa na kupakiwa mitandaoni. DVD ya 2003 ndiyo iliyoleta Jumamosi nzima. Toleo la 2011, la kuadhimisha miaka 25, likaongeza shoo nzima ya Ijumaa tarehe 11, ambayo ilikuwa imekaa robo karne bila watu kuiona ikiwa kamili. Hilo la 2011 ndilo la kununua, kwa sababu unapata siku mbili kwa bei ya moja, na ukizitazama pamoja unajifunza kipi Freddie alikuwa amekipanga na kipi kilimtoka papohapo. Budapest nayo iliwahi kutoka kwa VHS mwaka 1987. Ukiiona hiyo mahali popote, ipite. Ni filamu nzuri iliyomiminwa kwenye chombo kidogo kuliko yenyewe.

Montreal: mshindi wa picha, na sababu zake

Novemba 24 na 25, 1981, Queen walipiga usiku mara mbili kwenye ukumbi wa Forum, Montreal, mahususi kwa ajili ya kamera. Mwongozaji alikuwa Saul Swimmer, aliyekuwa amekwisha kuongoza filamu ya tamasha la Bangladesh la George Harrison. Yeye alitaka kitu cha skrini kubwa kuliko sinema za kawaida, kwa hiyo alipiga kwa milimita 35 akiwa na nia hiyo tangu siku ya kwanza.

Hapa ndipo mazingira yalipofanya nusu ya kazi. Ukumbi umefungwa, hakuna jua linaloshuka na kubadilisha rangi kila nusu saa. Taa zote ziko mikononi mwa bendi. Jukwaani kuna watu wanne tu, hakuna mpiga kinanda wa kuongezea kama Spike Edney wa 1986 au Morgan Fisher wa 1982. Karibu kila sauti unayoisikia ina mtu wake unayemwona. Na Freddie, kwa masikio yangu, alikuwa kwenye sauti yake bora kabisa. Somebody to Love ya Montreal ukiisikiliza halafu ukarudi kwenye shoo za 1986, unagundua kwamba kule alikuwa anazikwepa noti za juu kwa ujanja, na hapa anazipanda.

Bendi na Swimmer hawakuelewana. Ukitazama kwa makini utaiona hasira hiyo kwenye nguo. Freddie alivaa tofauti usiku wa kwanza na wa pili, na sehemu ya mwisho yuko kifua wazi na kaptula fupi nyeupe, jambo ambalo kwa mhariri anayetaka kuunganisha siku mbili ziwe moja ni maumivu ya kichwa. Hasira hiyohiyo ndiyo imeipa shoo ukali. Nyimbo zinakimbia, hakuna maneno mengi kati ya wimbo na wimbo. Kwenye diski ya 2007 Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor wanazungumza juu ya picha toka mwanzo hadi mwisho, na kwa anayependa kujua mambo yalivyopikwa hiyo peke yake inatosha kulipia.

Kasoro ipo, na ni kubwa kwa wengine. Kamera zimemganda Freddie. Mashabiki huwaoni sana, na mpiga besi John Deacon ni kama amekodishwa kwa dakika chache. Anayetaka kuhisi bahari ya watu wanaopiga makofi kwa pamoja juu ya vichwa hataipata Montreal. Hiyo ni kazi ya Wembley, au ya zile dakika kama 21 za Live Aid, tamasha la hisani la tarehe 13 Julai 1985, ambazo bahati nzuri zimewekwa kwenye diski ya pili ya toleo hilohilo la Montreal la 2007. Naitaja Live Aid kwa sababu wengi wetu, hasa vijana, tuliingia kwa Queen kupitia filamu ya 2018, Bohemian Rhapsody, iliyomalizia na shoo hiyo. Ile ni ya kuigiza. Ya kweli ndiyo hiyo ya BBC, mkanda wa video tena, na mwanga wa mchana umeisaidia sana.

Historia ya kutolewa kwa Montreal ni darasa tosha. Kwa miaka mingi picha hizo hazikuwa mikononi mwa bendi. Zilitoka kwa jina la We Will Rock You, kwanza kwenye kanda na baadaye DVD ya 2001, na ubora wake ulikuwa wa kusikitisha. Bendi ilipozipata haki, ikarudi kwenye filamu yenyewe, ikasafisha picha na kuchanganya sauti upya, na mwaka 2007 ikatoa Queen Rock Montreal kwa DVD na Blu-ray. Januari 2024 picha zilezile, za miaka 42 nyuma, ziliwekwa kwenye majumba ya IMAX, skrini yenye urefu wa jengo la ghorofa kadhaa. Kisha Februari zikaingia Disney+, na Mei zikatoka kwenye diski ya 4K. Hakuna shoo nyingine ya Queen iliyopita njia hiyo, na iliyopigwa kwa mkanda wa video haiwezi kuipita.

Kwa hiyo ukiwa na TV ya 4K na spika za maana, au uko kwa ndugu zako Toronto au Birmingham ambako Disney+ ni ya kawaida, anza Montreal. Jihadhari na diski za mitumba zenye jina la We Will Rock You. Jalada linavutia, ila ndani ni lile toleo la zamani. Na kwa wanaotazama kwa bando: Netflix wenyewe huandika kwamba 4K inaweza kula hadi GB 7 kwa saa, na HD hadi 3. Shoo ya saa moja na nusu kwa 4K inamaliza GB 10 na kitu. Kwa simu chukua HD, hutakosa lolote.

Wale wadogo, ambao si wa kudharau

Rainbow ya Novemba 1974, iliyotoka kamili 2014, ni Queen kabla ya umaarufu wa dunia: kucha nyeusi, nguo nyeupe za mikunjo za mbunifu Zandra Rhodes, ukumbi mdogo wa Finsbury Park. Picha ni ya wastani. Nainunua kwa ajili ya nyimbo ambazo baadaye walizitupa.

Hammersmith Odeon, mkesha wa Krismasi 1975, ilirushwa moja kwa moja na BBC2 na Radio 1 kwa pamoja, Bohemian Rhapsody ikiwa namba moja Uingereza. Ni mkanda, ni PAL, ni giza, na taa zinavuta mikia kila mahali. Ilisubiri miaka 40 kutoka rasmi. Nashauri uichukue kwa sauti, halafu picha uihesabu kuwa nyongeza. Mwenye sabufa nzuri nyumbani atanielewa.

Milton Keynes Bowl, tarehe 5 Juni 1982, ni ya Gavin Taylor na Tyne Tees. Ilitoka 2004 kwa jina la Queen on Fire. Kama Wembley inakuchosha kwa kuonekana kila mahali, hii ndiyo ya kuijaribu. Kikosi kilekile, mkanda uleule, lakini bendi ina kitu cha kuthibitisha, kwa sababu albamu mpya ya wakati huo, Hot Space, ilikuwa imewaudhi mashabiki wa gitaa. Kwa macho yangu kamera zimekaa karibu zaidi na wanamuziki kuliko Wembley, na hapo upungufu wa mistari hauumi sana. Mkanda wa video ukipiga uso unaokaribia kujaza kioo hupendeza. Ukipiga uwanja mzima kwa mbali, kila mtu ni nukta.

Zile za "4K" za mtandaoni

Ukiandika jina la Wembley YouTube utakuta video kibao zenye maandishi ya 4K, fremu 60, zimeongezwa rangi na akili bandia. Zinavutia kwa sekunde kumi za kwanza. Kisha angalia meno ya Freddie yanavyoungana kuwa kipande kimoja, masharubu yanavyogeuka kama rangi iliyopakwa kwa brashi, na mashabiki wa nyuma wanavyopata sura za kutisha ambazo hakuna mama aliyezizaa. Ni kuongeza maji kwenye mchuzi: sufuria inajaa, ladha inabaki palepale au inapungua. Kipimo chepesi ni hiki: simamisha video pale kamera inapopita kwenye umati. Kama nyuso zina ngozi ya plastiki, hiyo ni 576 iliyovutwa. Ya Montreal ukiisimamisha unaona chembechembe za filamu zikitawanyika kwenye kioo kizima, nazo ni dalili ya afya.

Nakala ya kawaida ya DVD, bila manjonjo, ikichezwa kwenye TV ndogo au hata kwenye deki ya zamani, inapendeza kuliko hizo zote.

Zilizobaki kabatini: ipi ya kuisubiri?

Hapa mashabiki hugombana zaidi, na hapa pia chombo cha kurekodia kinaamua mambo, kikisaidiana na karatasi za haki. Shoo moja ya miaka ya 70 inaweza kuwa na wenyewe watatu wanne: aliyelipia kamera, bendi, waandishi wa nyimbo na kampuni zao, na pengine kituo cha televisheni. Mmoja akigoma, mkanda unakaa. Na mkanda hausubiri vizuri. Gundi inayoshikilia chembe za sumaku hunyonya unyevu, mkanda unanata kwenye vichwa vya mashine, na mafundi hulazimika kuuoka kwa joto la karibu nyuzi 50 kwa saa nyingi ili ukubali kuchezwa kwa muda mfupi unaotosha kunakili. Kisha kuna sauti. Kama siku ile nyimbo zilirekodiwa kwa njia nyingi, kila chombo njia yake, zinaweza kuchanganywa upya. Kama kilichopo ni sauti iliyokwisha kuchanganywa siku hiyohiyo, fundi wa leo hana mengi ya kufanya.

Knebworth, tarehe 9 Agosti 1986, shoo ya mwisho ya Freddie na Queen, ndiyo inayoulizwa kuliko zote na ndiyo ningeacha kuisubiri. Vipande vinaonekana hapa na pale, vingine vya mashabiki, lakini shoo kamili ya ubora haijawahi kutolewa. Kwa bendi inayojua kuuza kumbukumbu zake kiasi hiki, kimya cha miaka yote hiyo kinasema mengi.

Hyde Park, tarehe 18 Septemba 1976, shoo ya bure na umati unaokadiriwa kuwa 150,000 na zaidi, ilipigwa picha, na sehemu zake zimetumika kwenye makala za bendi. Polisi waliwakatalia kurudi jukwaani kwa nyimbo za mwisho, kwa hiyo hata ikitoka itaishia kama sinema iliyokatiwa umeme. Ningeitaka hivyohivyo.

Earls Court, Juni 1977, na Houston, tarehe 11 Desemba 1977, zote ni mikanda ya video. Zimezunguka mkono kwa mkono miaka mingi kwa nakala za nakala, rangi zimeoza, sauti inapepesuka. Earls Court ndipo lilipoanza kuonekana lile fremu la taa lenye umbo la taji likipaa na moshi juu ya jukwaa, na ni vigumu kuamini kwamba picha hiyo bado tunaiona kwa chenga. Houston ina faida moja juu ya mwenzake. Vipande vyake vilitoka rasmi 2017, ndani ya boksi la miaka 40 la News of the World, kwenye filamu The American Dream, iliyotokana na picha zilizopigwa mtangazaji wa BBC Bob Harris alipofuatana na bendi kwenye ziara ya Marekani. Maana yake mkanda upo, umefunguliwa, umenakiliwa, na haki ziko karibu na bendi. Ni mkanda wa mfumo wa Marekani, mistari 480 ya picha badala ya 576, kwa hiyo usitegemee kutazama kwa 4K. Lakini 1977 Freddie bado ana nywele ndefu na suti ya mabaka-mabaka ya kubana, na sauti ya bendi ni ya kuvunja vioo.

Halafu kuna Hammersmith ya tarehe 26 Desemba 1979, usiku wa kwanza wa zile shoo za kuwachangia watu wa Kampuchea (Kambodia ya leo). Now I'm Here ya usiku huo imo kwenye albamu ya pamoja ya 1981. Kwa uchezaji, huenda ndiyo bora kuliko zote nilizozitaja kwenye sehemu hii. Kwa haki, ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu ilikuwa sehemu ya mradi wa wasanii wengi na wa hisani, si ya Queen peke yao.

Ukitaka kubahatisha, angalia namna walivyozoea kufanya. Ijumaa ya Wembley ilitoka kamili kwenye maadhimisho ya miaka 25. Odeon ya 1975 ilitoka 2015, na vipande vya Houston vilitoka 2017, vyote kwa miaka 40. Hawa watu hutoa vitu kwa kalenda. Hyde Park inatimiza miaka 50 Septemba 2026, Earls Court Juni 2027, na Houston Desemba 2027. Dau langu naliweka Houston, nikitarajia ije ndani ya boksi lenye CD na kitabu, kwa bei ya kuumiza, na wala si kwenye sinema. Earls Court inafuata. Hyde Park ningeiweka ya tatu, kwa sababu umaarufu wa siku ile utauza hata picha mbovu. Kampuchea naiacha mwisho, mpaka wenye karatasi wakubaliane.